Nilimwambia Mke Wangu Aache Kucheka, Naye Ameacha

Mpendwa Bu Retno,

Nakusalimu kwanza, kisha naomba msaada wako, maana hapa nilipofika sina mwingine wa kumwuliza, imamu wetu nimemwuliza akaniambia nimnunulie mke wangu zawadi, nikanunua, haikusaidia kitu, na muuguzi wa zahanati nimemwuliza akaniambia nipunguze mawazo, nikamwuliza mawazo yanapunguzwaje, yanakatwa kwa mkasi au yanamwagwa, akaishia kucheka, na sasa hata kicheko cha yule muuguzi nakikumbuka kwa hamu, kwa sababu nyumbani kwangu hakuchekwi tena.

Jina langu ni Kasmadi, usilifiche ukiichapa barua hii gazetini, mtaa mzima unakijua kisa hiki na wengine wanakijua kuliko mimi. Naishi pwani ya Demak, mtaa ambao bahari inaingia bila kupiga hodi. Mimi na mke wangu Wartini tunatengeneza kerupuk za uduvi, tunakanda unga wa muhogo na uduvi uliotwangwa, tunapika kwa mvuke, tunakata vipande vyembamba na kuvianika kwenye chanja za mianzi mpaka vikauke vilie vikigongana, halafu tunawapelekea wakaangaji wa mjini. Kazi hii inataka jua na pakavu, basi hebu fikiria mtu anayetaka pakavu anaishi mahali ambapo maji ya bamvua yanafika sebuleni. Sakafu tumeiinua kwa kifusi mara nyingi mpaka sasa dirisha lililokuwa kifuani liko magotini, mlangoni mtu anaingia ameinama kama anafuata mayai kwenye banda la kuku, na mimi nikisimama wima nagonga boriti, na kila nikigonga boriti nakumbuka kwamba siku ya kuinua tena hatutakuwa na pa kuweka vichwa.

Mimi ni mtu wa mawazo, Bu, sikatai. Mawingu yakionekana upande wa bahari tumbo linaanza kuwaka moto. Nasaga meno usingizini, mke wangu ndiye aliyeniambia. Kichwa kinabana kama nimevaa kofia ya mtoto. Pale zahanati walinipima presha wakapima tena kwa sababu hawakuamini mashine. Nami naona hivyo ndivyo mwenye nyumba anavyotakiwa kuwa, kwani nisipowaza mimi atawaza nani.

Maana Wartini hawazi. Ndivyo nilivyoamini. Wartini anacheka. Kicheko chake kinaanza chini chini kama mashine ya boti inayogoma, kinakohoa, halafu kinawaka, na kikiwaka kinasikika mpaka barabarani. Mwaka ule mabwawa ya samaki ya jirani yetu Pak Jumari yalipofurika, mwatiko wake wakaja kuogelea jikoni kwetu, mimi nimeshika kichwa, yeye anaita dirishani, "Pak Jumari, watoto wako wamekuja kututembelea, uwafuate au niwape chakula?" Sufuria kubwa ya mvuke ilipochukuliwa na maji ikatoka mlangoni yenyewe, aliipungia mkono akaitakia safari njema, halafu akakimbia kuifuata huku sketi ameifunga kiunoni. Wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kwetu maji yakipanda, kwao wanaacha kila kitu, wanakuja kukaa juu ya meza yetu kumsikiliza Wartini. Nami nilikuwa nakaa pembeni na tumbo langu linalowaka, nikijiambia, huyu mwanamke ama hana uchungu na mali yetu ama hana akili.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ilikuwa Ramadhani imefika mwisho, wakati ambapo kila nyumba Java nzima inataka kerupuk za Idi, na sisi tulikuwa tumetengeneza kuliko mwaka wowote, chanja zilijaa uwanja mpaka kwa jirani, jua kali, nikaenda kwenye swala ya Ijumaa na moyo mweupe kwa mara ya kwanza sijui tangu lini. Tuko kwenye hotuba tukasikia maji yanapiga ngazi za msikiti. Sikuisikia tena hotuba, Mungu anisamehe. Swala ilipokwisha nikapita kwenye maji ya magoti mpaka nyumbani, na nilichokikuta ni hiki: uwanja umekuwa ziwa, chanja zinaelea, kerupuk za Idi zimevimba zinazunguka mtaani kama majani, bata wa Pak Jumari wamejipanga wanakula, ndani magunia ya unga yako juu ya kitanda, mama yangu Mbah Sarmi yuko juu ya kitanda hicho hicho ameegemea magunia, na mke wangu yuko juu ya meza na wanawake wa mtaa, amelowa mpaka kichwani, anawaambia bata, "Kuleni tu, msione haya, nyie Idi yenu imetangulia," na wote wanacheka mpaka wanashikana mabega.

Hapo nikapasuka. Nilisimama mlangoni, nimeinama kwa sababu ya ule mlango, nikamfokea mbele ya watu wote. Nilimwambia, "Wewe ni mwanamke gani unayecheka msibani? Ungekuwa na uchungu na nyumba hii hata kidogo tu, usingecheka. Kuanzia leo sitaki kusikia kicheko chako humu ndani."

Akashuka mezani. Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema, "Sawa, Mas," kama anavyoniita siku zote. Basi. Wanawake wakaondoka mmoja mmoja kwa maji, hakuna aliyeaga.

Bu Retno, nilitaka anyamaze siku ile. Sikujua atanyamaza moja kwa moja. Tangu hapo hajacheka. Hajanuna, ningejua la kufanya kama angenuna. Anapika, anakanda unga, anafua, nikimwuliza kitu anajibu, nikisema jambo la kuchekesha anatabasamu kama karani wa benki. Zamani akikoroga uji wa unga alikuwa anaimba nyimbo za dangdut na kuzungusha kiuno na mwiko mkononi, sasa anakoroga tu. Wanawake hawaji tena. Binti yetu Menik anabeba sahani yake anakwenda kula chumbani, nikamwuliza kwa nini, akasema huku nje anasikia watu wakitafuna. Na mama yangu, ambaye macho yamepungua na kumbukumbu inakwenda na kurudi, juzi tumekaa wote tunakula, Wartini yuko ubavuni pake kabisa anamchambulia samaki miiba, mama akaniuliza, "Kasmadi, Wartini amesafiri lini? Mbona hukuniambia kwamba anasafiri?"



Siku ya Idi nilimwomba msamaha. Nilimshika mikono nikasema kama tunavyosema wote, nisamehe ya nje na ya ndani, naye akasema nisamehe ya nje na ya ndani, kama alivyowaambia majirani, shangazi, na mwuza maji. Mambo yakabaki pale pale. Nikamnunulia martabak, ile chapati ya mayai anayoipenda, akaigawa kwa wote, akasema asante. Na mawazo yangu hayakupungua hata kidogo, yameongezeka, zamani nilikuwa naogopa bahari peke yake, sasa naogopa bahari na ukimya, na nimegundua kwamba miaka yote ile nilikuwa nalala kwa sababu ya kile kicheko na sikujua.

Naomba unijibu bila kunionea haya. Nifanye nini acheke tena? Na je, nilikosa kweli? Maana kuna sehemu ndani yangu bado inasema mtu anayecheka mali ikiharibika hajali.

Wako, Kasmadi, pwani ya Demak.

*

Pak Kasmadi,

Umetaka nisikuonee haya, kwa hiyo kaa vizuri, na angalia boriti.

Nianze na kukupa pole, maana unastahili. Kuishi na bahari chini ya kitanda kunachosha mwili na roho, na aliyekuambia upunguze mawazo bila kukuonyesha njia hakukusaidia. Tumbo linalowaka, meno, kichwa, hayo si uzembe wala udhaifu wa imani. Mwili wako umekaa tayari kukimbia kwa miaka mingi na hujaupa ruhusa ya kukaa chini. Nakuonea huruma.

Huruma yangu inaishia hapo kwa sasa.

Umeniandikia kwamba ulipofika nyumbani siku ile magunia ya unga yalikuwa juu ya kitanda. Mama yako naye alikuwa juu ya kitanda, salama. Wartini alikuwa amelowa mpaka kichwani. Nieleze, bwana, yale magunia yalipanda yenyewe? Mama yako alijibeba? Ulikuwa msikitini, na ilikuwa haki yako kuwa msikitini, lakini maji yalipofika mtu mmoja alifanya hesabu haraka ya nini kinaokoleka na nini hakiokoleki. Akamwokoa mama yako. Akaokoa unga, ndiyo maana leo bado mna kazi. Kerupuk zilikuwa zimekwenda, hazirudi kwa kulia wala kwa kufoka. Alipomaliza kufanya la kufanywa, akapanda mezani akacheka. Wewe ulifika mwisho wa hadithi ukamhukumu kwa ukurasa mmoja.

Unaniuliza kama mtu anayecheka mali ikiharibika anajali. Nami nakuuliza: mtu anayeshika kichwa anajali zaidi kwa kiasi gani? Kuna gunia hata moja lililowahi kupandishwa kitandani na wasiwasi wako? Umechukulia kwamba kuwaza ni kazi na kucheka ni uvivu. Katika nyumba yenu walikuwapo watu wawili wenye hofu, Pak Kasmadi. Mmoja alikaa nayo pembeni. Mwingine aliichukua kila siku akaifanyia kitu, akaifanya iweze kukalika, akawapa na jirani, akakupa na wewe ukalala usingizi. Hilo halimwotei mtu kama nywele. Mtu analichagua asubuhi, na kesho yake analichagua tena, hata siku ambazo hana nguvu. Ukamwambia aache, tena mbele ya wenzake.

Sasa sikiliza la kufanya.

Usimchekeshe. Usimnunulie kitu, usimtafutie vichekesho kwenye simu, na ole wako umwombe acheke. Ulimwamuru aache, ukimwamuru aanze utakuwa umefanya kosa lile lile kwa kurudi kinyumenyume. Mwache kicheko chake, ni mali yake.

Msamaha ule wa Idi haukutosha, na unajua haukutosha. Maneno yanayosamehe kila kitu kwa kila mtu hayagusi kitu chochote hasa. Ulimwaibisha mbele ya wanawake wa mtaa, basi waite wale wale, wakae pale pale, na useme kosa lenyewe kwa jina lake. Usitie "lakini" ndani yake. Usieleze presha yako. Sema ulichofanya, nyamaza.

Halafu, siku nyingine mkiwa wawili, mwulize anaogopa nini. Nina hakika hujawahi kumwuliza. Uliona anacheka ukadhani hana. Akikujibu usimtulizie haraka haraka, usimpe suluhisho, na akilia mwache alie mpaka amalize. Inawezekana ana machozi ya miaka aliyoyaficha kwa ajili ya wewe usizidi kuumwa. Kuwa na moyo mkunjufu si kuzuia machozi. Anayeruhusiwa kucheka tu, hata kama amejiruhusu mwenyewe, anachoka kama punda.

Na wewe mwenyewe. Wasiwasi wako upe saa yake. Baada ya swala ya alasiri kaa na mkeo, kila mmoja aseme linalomsumbua kwa sauti, mtenge yaliyo mikononi mwenu na yasiyokuwamo. Bahari haimo. Mahali pa kuanika chanja pamo, na nashangaa mtu anayewaza kama wewe hajawahi kuwaza kuanika mahali palipoinuka. Saa hiyo ikipita, wasiwasi ukija uambie usubiri kesho alasiri. Utaona kichekesho mwanzoni. Fanya hivyo hivyo. Kahawa nzito baada ya magharibi, acha. Sigara za karafuu, ambazo hukuzitaja lakini mimi si mtoto, punguza. Dawa ya presha meza hata siku unayojisikia mzima. Na uutoe mwili jasho kwa kitu kisichokuwa kazi: zahanati nyingi zina mazoezi ya viungo asubuhi, nenda. Usiniambie ni ya akina bibi. Akina bibi wanaishi sana.

Anza Ijumaa hii.

Retno

*

Wasomaji, niliyapokea maandishi yafuatayo majira ya mvua yalipokuwa yanaisha. Mwandishi ameniruhusu niyachape kama yalivyo.

Bu Retno, shikamoo,

Mimi ndiye Wartini, mke wa yule wa boriti. Gazeti lililetwa na mke wa Pak Jumari, Bu Tumini, likiwa limefungia tempe, ile mikate ya soya, akaniambia, "Soma hapa, mumeo yuko humu," nikadhani amekamatwa. Nikasoma nimesimama. Nikasubiri nione kama naye amelisoma.

Alikuwa amelisoma. Ijumaa baada ya swala akaja na wanawake wote nyuma yake, sijui aliwakusanyaje, wamenyamaza kama wanakwenda kuchanjwa. Akawaketisha mezani. Chai alipika mwenyewe. Akasimama mbele yetu, kofia mkononi, akasema, "Siku ile niliwakuta hapa nikamfokea Wartini. Nilikuwa nimeogopa, hofu yangu nikamtupia yeye. Wartini hakukosa. Aliyemwokoa mama yangu ni yeye, na sikumwambia asante. Nilikosa mimi." Kisha akanyamaza, kama ulivyomwagiza. Bu Tumini akaonja chai akasema, "Pak Kasmadi, tumekusamehe, lakini sukari hukuweka." Wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nao, Bu, nilikitafuta kicheko nikakikosa, kama mtu anayetafuta jina analolijua. Nikaogopa kidogo kwamba labda hakirudi.

Siku ya pili yake tuko wawili tunasuka chanja iliyokatika, akaniuliza, "Dik," ndivyo anavyoniita, "wewe unaogopa nini?" Aliuliza bila kunitazama, macho kwenye mianzi. Nikafungua mdomo niseme siogopi kitu, maana hilo ndilo jibu langu la siku zote, na badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Naogopa siku mama akifa. Tutamzika wapi?"

Labda wa mjini hawalijui hili. Makaburi yetu yako chini ya maji. Maji yakipungua mawe ya vichwani yanachungulia, yakijaa hayaonekani. Kila nilipokuwa namwogesha mama mkwe nilikuwa nalifikiria, na kwa sababu sikutaka mtu aone nalifikiria, ndiyo nikawa naimba. Nililia, Bu Retno. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Mas hakunituliza, nadhani kwa sababu ulimkataza, alikaa tu ameshika ncha ya mtandio wangu kama mtoto. Nilipomaliza akaniambia na yeye ni hilo hilo. Mawazo yake yote ya unga na jua na sakafu, chini yake lilikuwapo hilo. Miaka yote tumelala kitanda kimoja na hofu moja, kila mtu anaificha upande wake.

Ilipofika alasiri tukasema hili liko mikononi mwetu au haliko? Tukaona wa kuulizwa ni mwenyewe. Tukaenda kwa mama, Mas akazunguka weee, mara hali ya hewa, mara afya, mama akachoka akamwambia, "Unataka kujua nizikwe wapi? Kule Mranggen kwa dada yangu, kuna mlima na upepo. Nilishaongea naye zamani. Nyie mlidhani nataka kulala na mwatiko?" Akaomba chai. Kumbe yeye alishalimaliza peke yake, na tena kwa furaha. Usiku ule Mas hakusaga meno. Najua kwa sababu nilikaa macho kumsikiliza.

Mambo mengine yakafuata polepole. Chanja sasa tunaanika juu ya tuta la barabara kuu kwa shemeji yake Pak Jumari, ni mbali kidogo, tunapeleka kwa pikipiki inayokokota kigari, lakini pakavu. Wanawake wakaanza kurudi. Kahawa ya jioni ameacha kwa manung'uniko. Na mazoezi ya zahanati alikwenda, nasikia alikwenda kwa kupitia njia ya nyuma ili asionekane.

Kuhusu hayo mazoezi ndiyo hasa nakuandikia. Nilikuwa napita na ndoo ya uduvi kichwani, nikasikia muziki nyuma ya ukuta wa zahanati, nikachungulia. Akina bibi wote wamevaa fulana za zambarau, wamejipanga mistari, na katikati yao yuko mume wangu, mwanamume peke yake, naye amevaa ya zambarau, imembana tumboni. Mwalimu akasema mkono juu kulia, bibi wote kulia, Mas kushoto. Akajigundua, akageuka haraka kwenda kulia, wenzake walishahamia kushoto, akagongana na bibi mmoja wa umri wa mama yake. Bibi akamshika mabega, akamgeuza kama mtu anayesogeza kabati, akampiga kofi dogo la mgongoni. Na uso wake, Bu, ungeuona. Uso ule ule anaovaa akiangalia mawingu. Alikuwa anafanya mazoezi ya kuondoa wasiwasi kwa wasiwasi wote aliopewa na Mungu.

Kikanitoka. Hata sikukisikia kikija. Ndoo ikadondoka, uduvi ukamwagika, nimeshikilia ukuta, siwezi kusimama. Mle ndani muziki ukazimwa. Mas akageuka akaona kichwa changu juu ya ukuta. Nikajua amekisikia, maana alisimama mikono bado iko hewani, hakuishusha, macho yakaanza kumjaa maji. Nikadhani sasa atalia mbele ya bibi wote hawa.

Akacheka.

Bu Retno, nimeolewa na mtu huyu nikiwa msichana, nimemzalia, nimemwuguza, nimeokota naye kerupuk kwenye matope, na sikuwahi kujua anacheka kwa sauti gani. Kutabasamu nilimwona. Kucheka, sijawahi. Anacheka kama mtu anayepiga chafya akiwa mbio, hii, hii, hii, mabega yanapanda, halafu anakosa pumzi na kuanza upya. Kicheko kibaya sana. Bibi wakaanza kumcheka anavyocheka, mwalimu akakaa chini, muuguzi akatoka ndani na kile kipimo cha presha mkononi akidhani mtu ameanguka.

Jana maji yalipanda tena, yakafika ngazi ya pili. Tulipandisha unga kitandani mimi na yeye, tukampandisha mama, tukapanda mezani kusubiri yashuke. Menik akaja na sahani yake akakaa katikati yetu. Mas akaanza kusimulia jinsi alivyogongana na yule bibi, hajui kusimulia, anacheka kabla ya kufika penyewe, na sisi tukamsubiri.

Wako, Wartini